Sarafu ya Kukatia Kola

Jumatatu, 3 Machi

Inatangazwa rasmi, kwa faida ya vizazi vijavyo na paka aliyelala juu ya friji: leo, nikitafuta kifungo kwenye droo ya cherehani ya mke wangu, nimegundua hazina. Sarafu ya kale! Imesagika hadi kichwa cha mfalme kimebaki uvimbe tu. Mwaka haupo, ila tarakimu moja ambayo ni tatu, au nane, au mkwaruzo. Nimeitia mfukoni. Droo yenyewe ni chaki na sindano butu, nani ataikumbuka?

Jioni akapita shemeji, kaka wa mke wangu, mwalimu wa udereva na mjuzi wa kila kisichomhusu. Nikamwonyesha kwa siri. Akaiuma. Akasema ni bandia, shemeji, hii ukimpa mwendawazimu atakurudishia. Akacheka mpaka akakohoa. Maji nilimpa, lakini polepole.

Jumanne, 4 Machi

Niipeleke kwa mpima sarafu, nisiipeleke? Nimewaza kutwa nzima nikichora kibao cha kinyozi, na kichwa cha mteja kwenye kibao hicho sasa kina masikio matatu. Mpima yuko mjini, ghorofa ya tatu. Akiridhika anaifungia sarafu ndani ya kisanduku cha plastiki kisichofunguka, na cheti juu. Ada yake ni bei ya makopo mawili ya rangi nzuri. Ikiwa ya kweli, shemeji ataniita mzee kwa adabu. Ikiwa bandia, nitachora vibao kwa mate.

Usiku mke wangu akauliza kama nimeiona sarafu yake. Yake! Kumbe ni ya kazi. Huiweka kwenye ncha ya kola, huizungushia chaki, ndipo kola inapata ule mviringo unaosifiwa na wateja. Alipewa na fundi aliyemfundisha. Ana mashati ya kikundi cha tarumbeta, nusu tayari, wanayataka Jumamosi. Wakiyakosa, watahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, anayewamezea mate siku zote.

Nikasema sijaiona. Nilikuwa nikitazama dari.

Jumatano, 5 Machi

Kurudisha? Sasa hivi, shemeji angali anacheka? Hapana. Mpango! Nimekwenda kwa muuza vikorokoro, nikapata sarafu ya aina ileile, ila nzima. Anazo bakuli tele. Sikupenda kumwuliza kwa nini ziko nyingi hivyo. Nikaipaka mafuta ya cherehani, nikaivingirisha kwenye unga wa chaki, nikaitumbukiza kwenye droo ya chini.

Mke wangu kaipata. Kafurahi, kanikatia kipande kikubwa cha keki. Nimekila chote. Dhamiri ilinisuta, lakini keki ilikuwa laini.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeipeleka! Mpima ni mama mmoja mwenye lenzi jichoni na subira ya muuguzi. Akauliza kama nimeisugua. Nikasema sijaigusa. Akasema naam, anaona, haijaguswa hata na maji. Halafu akauliza, baba, una hakika unataka? Akaeleza kwamba ada ni ileile, iwe sarafu ya thamani au ya kutupa. Nikakohoa kitajiri. Nikasema mama, piga muhuri.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi nikachukua kisanduku changu. Sikusoma cheti chote. Neno la kwanza lilinitosha: HALISI. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Mlangoni nikasikia Baba watoto! kwa sauti ya kuitia mwizi. Kola hazilingani. Zile za mwanzo, zilizokwisha shonwa, zina mviringo mdogo. Zile za tangu juzi zina mviringo mkubwa. Ile sarafu ya zamani, miaka yote hiyo ya chaki na kidole gumba, imeliwa kingo hadi ikapungua. Hakuna nyingine duniani yenye ukubwa ule. Mke wangu alikuwa ameshika ile ya muuza vikorokoro kati ya vidole viwili, kama ananishikia panya. Shemeji alikuwepo pia, amekuja kusaidia kushona vifungo. Bila shaka.

Nikasema nianze na habari njema. Nikatoa kisanduku. HALISI! Shemeji akanyamaza. Akanyamaza kabisa! Nitaikumbuka raha ile mpaka kaburini. Kisha akavaa miwani, akasoma mstari wa pili kwa sauti: imechakaa mno, haina thamani kwa wakusanyaji. Akaketi chini ili acheke vizuri.

Mke wangu hakucheka. Aliuliza jambo moja tu: inatoka humo?

Jumapili, 9 Machi

Jirani nimemwambia kwamba nilikivunja kisanduku mwenyewe, kwa mapenzi. Humu niandike kweli. Nilikuwa nimekikumbatia, nikieleza kwamba kikivunjwa cheti hakina maana tena. Mke wangu alikichukua kifuani pangu kama anavyomchukua mtoto aliyelala, akakiweka kizingitini, akakishushia pasi ya mkaa. Pigo moja. Akaitoa sarafu yake, akakata kola mpya kwenye masalio ya kitambaa. Mimi na shemeji tulifumua mishono, goti kwa goti. Kikundi kilichukua mashati jana jioni, na fundi wa ng'ambo akafunga duka mapema. Baadaye mke wangu akasema ningeomba tu angeniazima, baada ya mashati. Hilo liliniuma kuliko pasi.

Lakini pasi yenyewe! Haikupata hata mkwaruzo. Nimeikagua alfajiri: chini ya mpini kuna alama ya kiwanda, imefutika, na tarakimu mbili, au tatu. Shemeji anasema ni chuma chakavu. Ndiye yuleyule aliyesema sarafu ni bandia!

Nimeshaifunga kwenye gazeti. Kesho naipeleka kwa yule mama. Pasi za kuazima ziko nyingi mtaani, mke wangu hatajua.