Rangi Koti Tatu na Gari la Bibi Harusi

Jumatatu, 8 Septemba

Siku tano kabla ya harusi ya Lightness. Hali ya gari: nikiwasha indiketa ya kulia, waipa zinafuta kioo kikavu. Nikikanyaga breki, taa ya mbele ya kushoto, ya kulala ndani ya boneti, inainuka, inatazama, inajilaza tena. Nikipiga honi, redio inakatika. Kioo cha abiria kinashuka chenyewe, hasa penye vumbi. Mengine yote mazima.

Ni gari la spoti. Milango miwili, viti viwili, la chini kabisa. Hakuna jingine Mikumi nzima. Mwezi uliopita nililipaka rangi nyekundu mwenyewe, koti tatu, moja juu ya nyingine, nje na ndani ya boneti. Kila bolti nilifungua, nikapaka, nikarudisha. Sikuacha nukta.

Marehemu kaka Paulo aliniambia akiwa hospitali: Ditram, binti yangu utampeleka kanisani wewe. Nikaitika. Kwa hiyo Jumamosi, Mikumi hadi Kidodi, Lightness anapanda kwangu. Suala limefungwa.

Dada Hildegarda, mwenyekiti wa kamati ya harusi, anasema halijafungwa. Ijumaa jioni gari likaguliwe. Likishindwa, bibi harusi atapanda gari la Donati, mjomba wake. Donati ana gari jeupe la watu saba. Ameshalifunga maua. Siku tano kabla! Mtu hana haya.

Nimempigia fundi Ulimboka, yule atakayebeba matarumbeta kwenye pikapu yake. Akauliza kitu kimoja: ule waya mweusi wa ethi, unaotoka kwenye betri na kufungwa kwenye bodi, nilipaka rangi mpaka chini yake? Nikajibu kwa fahari kwamba ndiyo, koti tatu. Akacheka muda mrefu. Akasema umeme haupiti kwenye rangi; nilete, dakika kumi tu, atapakwangua na msasa.

Msasa! Kwenye rangi yangu! Nimekata simu. Nitatengeneza mwenyewe nyumbani. Nimenunua daftari.

Jumanne, 9 Septemba

Dawa ya kwanza: magadi. Nimesoma kwenye simu kwamba vichwa vya betri vikisafishwa vizuri, nusu ya matatizo ya umeme huisha. Maji ya moto, magadi vijiko vinne, mswaki mpya. Nimesugua saa nzima. Vinang'aa.

Matokeo: indiketa ya kulia haiendeshi tena waipa. Sasa inapiga honi. Nimeandika: maendeleo. Honi iko karibu zaidi na indiketa kuliko waipa.

Donati alipita kwa miguu, akasimama kutazama. Akauliza kama ninapika makande humo ndani. Nilikanyaga breki, taa ikamkonyeza, akaondoka.

Jumatano, 10 Septemba

Dawa ya pili: fyuzi. Nimezikuta zimelegea. Nikazifunga karatasi ya kung'aa, ile ya kufunikia vyakula. Nimekata kidogo tu kwenye bunda la Hildegarda la sherehe ya sendofu. Mita mbili hivi.

Matokeo: harufu, moshi kidogo, redio imeungua. Kwa hiyo tatizo la redio kukatika nimelifuta kwenye daftari. Kioo nacho kimegoma kushuka. Kimegoma pia kupanda, lakini kiligoma kikiwa juu. Mawili kwa siku moja!

Ulimboka alituma ujumbe: msasa bado upo. Nimeufuta.

Alhamisi, 11 Septemba

Dawa ya tatu: unyevu. Mchele hunyonya unyevu, hilo kila mtu analijua. Nimemimina kilo tano kwenye matundu ya feni na nyuma ya swichi, saa sita mchana, boneti juani.

Saa nane dada Hildegarda akaja kuuliza uliko mchele wa pilau. Kilo hamsini zimekuwa arobaini na tano. Nikasema labda panya. Akauliza panya gani anayepima. Nimerudisha kilo tatu. Mbili zimekataa kutoka.

Matokeo: hakuna mabadiliko. Unyevu, basi, haukuwa tatizo. Hiyo nayo ni taarifa.

Lightness alikuja jioni. Shikamoo, Baba mdogo. Marahaba. Akakaa kwenye kiti chake, akashika dashibodi, akaniuliza taratibu kama tutafika. Nikamwambia tutafika. Akasema basi, yeye hana swali. Mtoto wa Paulo kabisa.

Ijumaa, 12 Septemba

Ukaguzi. Mpango wangu ulikuwa huu: ubovu uliobaki uko kulia. Mtu akikata kushoto mara nne, anarudi alipotoka. Kwa hiyo nimewazungusha wanakamati kushoto tupu, mmoja mmoja. Donati akadai nipige honi. Nikapiga. Ikalia. Hakuna aliyesema niwashe indiketa ya kulia.

Taa ilipokonyeza kwenye breki, Hildegarda akauliza ile ni nini. Nikasema ni heshima kwa abiria. Akaniangalia sana. Kisha akaandika kwenye karatasi yake: bibi harusi, gari la Ditram.

Kaka Paulo, umesikia?

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika jioni.

Tulianza vizuri. Pikapu ya matarumbeta mbele, mimi nyuma yake na Lightness, Donati nyuma yangu, halafu msafara mzima, honi juu. Lightness akaona joto, akawasha feni. Mchele ukamrukia usoni, kifuani, kwenye shela. Akacheka mpaka machozi. Akala punje moja.

Karibu na Kidodi tukakuta lori la miwa linajikongoja. Pikapu ikalipita. Ikabidi nami nipite. Kupita ni kulia. Na mimi dereva mwenye leseni, nisingepita bila indiketa.

Honi ikalia. Nikazima indiketa. Honi ikaendelea. Hapo hapo, mbele ya lori, turubai la msiba pembeni mwa barabara, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka.

Kila mtu anajua harusi ikipita msibani inanyamaza. Matarumbeta yakakatika. Donati akanyamaza. Msafara wote kimya, unatambaa. Isipokuwa mimi. Nikazima gari kabisa, nikachomoa ufunguo. Honi haikujali. Tumesimama mbele ya wafiwa, gari jekundu, maua, honi moja ndefu kama filimbi ya treni.

Nikafungua boneti. Karatasi ya fyuzi ilikuwa imeyeyuka, haishikiki. Donati akafika mbio, akafungua mlango wa Lightness, akamwambia ahamie kwake, gari hili ni aibu ya ukoo. Lightness akashuka. Nikajua yameisha.

Lakini hakwenda kwa Donati. Alivua viatu, akakusanya shela mkononi, akaenda kwenye mkeka wa wanawake, akapiga magoti na kutoa pole. Donati alipomfuata akamjibu bila kugeuka: "Asante, Mjomba. Nimeahidiwa na Baba mdogo. Nitafika na Baba mdogo."

Nikamfuata kwa bibi mfiwa. Nikampa shikamoo kwa sauti kubwa, maana honi ilikuwa bado. Nikaomba radhi. Akaitikia marahaba, akanivuta karibu.

"Mume wangu alikuwa hasikii miaka kumi," akasema. "Leo nadhani kasikia."

Mikeka yote ikatikisika kwa kicheko. Watu wakajificha kwenye khanga zao.

Wakati huo Ulimboka alikuwa ameshafika na spana namba kumi. Akafungua waya wa betri. Kimya. Sijawahi kusikia kimya kizuri hivyo. Akabadilisha fyuzi. Akafungua ule waya wa ethi, akatoa msasa mfukoni. Mfukoni! Alikuja nao harusini! Akakwangua rangi yangu mpaka chuma cheupe, akafunga, akaniambia niwashe. Indiketa ya kulia ikawasha indiketa ya kulia. Breki haikukonyeza mtu. Kioo kikashuka na kupanda.

Dakika kumi, nilizihesabu.

Nikamfikisha Lightness kanisani, mchele kwenye nywele. Alinishika mkono mlangoni, akasema Baba angefurahi. Nilijifanya naangalia tairi.

Jumapili, 14 Septemba

Nimepumzika, nimefikiri kwa utaratibu. Hitimisho kwenye daftari: magadi huchukua siku nne kufanya kazi. Ulimboka alifika tu yalipokuwa yanakomaa. Amepata sifa za bure, lakini sina kinyongo.

Mpwa wa bibi mfiwa amepiga simu. Anaoa Zombo Jumamosi ijayo, amelipenda gari. Nimekubali.

Kwa hiyo leo nimelikagua lote. Kila kitu kinafanya kazi, isipokuwa redio, ambayo haimo tena kwenye daftari. Dosari ni moja tu: pale Ulimboka alipokwangua, chini ya waya wa ethi, chuma kiko wazi, cheupe, kinachukiza. Bibi harusi hawezi kupandishwa gari lenye kovu.

Bahati nzuri nilibakiza rangi nusu kopo. Nimefungua bolti, nimepaka koti tatu. Imekauka vizuri, huwezi kujua palikwanguliwa.

Nimewasha indiketa ya kulia kujaribu. Waipa zimefuta kioo.

Magadi yameisha nguvu. Kesho asubuhi nanunua mengine.