Injini Yoyote ya Mshindi

Mtu aliyenyolewa nusu kichwa hafai kugombana na yeyote, lakini Daktari wa Meno aligombana. Alisimama katikati ya kibanda cha kinyozi, shuka shingoni, upande mmoja wa kichwa unang'aa na wa pili bado msitu, akamnyooshea kidole mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye mji mzima ulimwita Misumari. Alimwambia kwamba injini ya kigari chake si ya daraja la kati, na hata mtoto wa chekechea akiisikia inavyonguruma atajua ni ya daraja la juu. Misumari alimjibu aende zake akang'oe meno. Kinyozi, badala ya kuwaamua, aliweka wembe chini na kutangaza kwamba wote wawili ni wezi.

Kwenye benchi la wateja, nyuma ya gazeti la wiki iliyopita, alikuwepo mtu ambaye hakuja kunyolewa. Alikuja kukaa, kwa sababu feni ya kinyozi ilikuwa bure. Watu walimwita Injinia. Hakusomea uinjinia popote, wala kitu kingine chochote, ila siku moja mtu alimwita hivyo kwa makosa, na yeye si mtu wa kumwaibisha mwenzake kwa kumsahihisha. Aliposikia neno "daraja" kwa mara ya tatu, alikunja gazeti polepole.

"Samahani wazee wangu," alisema. "Kwani ninyi mnashindana barabarani au kwenye mizani?"

Wakamgeukia wote watatu. Hilo ndilo lilikuwa kosa lao la kwanza.

Tuwaeleze kidogo watu hawa, ingawa hawastahili. Walikuwa sita, wenye heshima zao: Daktari, Misumari, Kinyozi, Mwenye Bucha, na ndugu wawili wauza magodoro ambao walikuwa hawajasemeshana kwa miaka sita. Kila mwezi walifunga barabara ya nyuma ya maghala, wakakimbiza vigari vidogo visivyo na paa wala milango, dereva kaketi chini karibu aguse lami. Mwanzoni injini ziligawanywa madaraja mawili. Kisha kila aliyeshindwa akadai aliyemshinda ana injini ya daraja lingine, na dawa ikawa kuongeza daraja. Injini zikapimwa uzito kwa mizani ya bucha, zikapigwa lakiri, lakiri zikavunjwa, zikapigwa upya. Kufikia siku ile ya kinyozi, washindani walikuwa sita na madaraja matano. Mwenye Bucha alikuwa peke yake katika daraja lake, na mwezi uliopita alitoka wa kwanza na wa mwisho kwa wakati mmoja, akakata rufaa.

Injinia alisikiliza yote hayo kwa uso wa huruma. Kichwani mwake alikuwa akitazama kitu kingine kabisa: pikipiki nyekundu. Kombe la mwaka huo lilidhaminiwa na wakala wa pikipiki, na zawadi ya mshindi ilikuwa imesimama kwenye dirisha la duka lake, ina utepe. Injinia aliipitia kila siku. Aliitaka kwa dhati, wala tusimcheke kwa hilo. Alikuwa na miaka thelathini na minane na alilala chumba cha nyuma nyumbani kwa shangazi yake, kati ya magunia ya mbolea. Shangazi, aliyeishi kwa kulima nyanya na kabichi, alikuwa amemwambia mwisho wa mwezi ama awe na kazi ama awe na chumba kingine. Pikipiki ingempa vyote viwili.

Kikao kiliitishwa dukani kwa Misumari, wajumbe wakiketi juu ya mifuko ya saruji. Katibu wa chama alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama mkavu asiyeendesha chochote, aliyeandika kila neno kisha akalisoma kwa sauti kama imla. Injinia alisimama mbele yao akawaambia ugonjwa wao si injini, ni madaraja yenyewe. Yafutwe yote. Badala yake iwepo kanuni moja: mbio zikiisha, mshindani yeyote ana haki ya kununua injini ya mshindi kwa bei ya lita kumi za petroli, na mshindi haruhusiwi kukataa. Nani atathubutu kuleta injini ya gharama akijua itaondoka kwa bei hiyo?

Wajumbe walitazamana. Tuseme kweli, hawakutazamana. Kila mmoja alitazama injini ya mwenzake, akaiona tayari iko kwake.

Daktari aliuliza itakuwaje mtu akikimbia na injini mbovu huku nzuri ameificha nyumbani. Injinia alimpongeza kwa swali. Basi kanuni iseme injini yoyote iliyo mali ya mshindi. Kinyozi akauliza wakiitaka wengi je. Injinia akaweka mkono kifuani. Basi haki ya kwanza apewe aliyeshika mkia, maana mnyonge naye ni mtu. Walipiga kura kwa mikono miwili miwili. Katibu akaisoma kanuni yote mara tatu, akauliza aliyeitunga ni nani, na Injinia akatia sahihi yenye mkia mrefu uliokaribia kutoka nje ya karatasi.

Lilibaki jambo dogo. Wakala wa pikipiki alitaka washindani wasiopungua wanane, la sivyo hakuna zawadi. Pamoja na Injinia walikuwa saba. Injinia hakusumbuka, alichukua fomu, akamwandikisha shangazi yake kuwa wa nane, akajaza na anwani. Hatafika, alijisemea, lakini karatasi imefika.

Wiki ile alifanya kazi mbili. Ya kwanza, alimwambia shangazi kwamba anaichukua injini ya pampu yake ya maji akaisafishe, akaifunga kwenye fremu ya kigari ambayo Mwenye Bucha aliitupa. Ya pili, alimtembelea kila mshindani kwa siri. Kwa Misumari alikaa sana akilisifia lori lake.

"Lina injini, siyo?" alinong'ona wakati wa kuaga.

"Bila shaka lina injini."

"Basi mzee, Jumamosi usishinde. Kanuni inasema injini yoyote. Daktari analimezea mate lori lako."

Misumari alishika mlango. Siku hiyo hiyo Daktari aliarifiwa kuhusu gari lake, Mwenye Bucha kuhusu jenereta ya friza, Kinyozi kuhusu mashine ya kusaga aliyomnunulia mkewe, na ndugu wawili kuhusu gari la kubebea magodoro ambalo walimiliki pamoja bila kusemeshana. Kila mmoja alimshukuru Injinia kwa machozi na kumsihi asiwaambie wengine. Mji mzima ulikuwa na mtu mmoja tu asiyemiliki injini hata ya saa ya ukutani, na mtu huyo Jumamosi alifika kwenye mstari akiwa na kofia ngumu ya kuazima, anapiga mluzi.

Mizunguko ilikuwa kumi. Tabia haina dawa, kwa hiyo wale sita waliondoka kama wamefukuzwa na nyuki, wakamwacha Injinia nyuma akienda kwa mwendo wa maji yanayopanda mlima. Walimzunguka mara moja, mara mbili, mara nne. Kisha mzunguko wa kumi ukafika, mstari wa chaki ukaonekana, na kila mtu akakumbuka injini zake za nyumbani. Breki zililia. Vigari sita vikasimama hatua mbili kabla ya mstari.

"Tangulia, Daktari," alisema Misumari.

"Siwezi kukupita, mzee. Wewe ni mkubwa kwangu."

"Elimu ni kubwa kuliko umri. Pita."

Watazamaji walidhani ni ajali. Barabara pale ina mteremko kidogo, na kigari cha Kinyozi kikaanza kuteleza chenyewe kuelekea ushindi. Akashusha miguu yote miwili, soli za viatu zikalika, akasimama unyayo mmoja kabla ya chaki, jasho linamtoka. Ndipo kikatokea kitu ambacho wazazi na majirani walikuwa wamekiombea miaka sita.

"Kaka," alisema muuza magodoro mkubwa, "pita wewe."

"Hapana kaka," alijibu mdogo. "Mimi nilikukosea. Pita wewe."

Walikaa hivyo karibu nusu saa, injini zinaunguruma bure, huku Injinia akimalizia mizunguko yake minne na kuwapungia mkono kila akipita. Mzunguko wa mwisho, injini ya pampu ilitoa moshi mweusi, ikakohoa, ikafa kabisa. Mteremko ukamsaidia. Alivuka mstari kimyakimya, na wale sita wakamshangilia kwa furaha ya kweli.

Wakala alikata utepe, akamkabidhi ufunguo wa pikipiki na kadi ya umiliki yenye jina lake. Injinia alikaa juu yake, akashika usukani, na kwa dakika nzima hakuwa na hila yoyote moyoni. Alikuwa na furaha tu.

"Sasa kanuni," alisema Katibu, akafungua daftari. "Mshindani yupi ananunua injini ya mshindi?"

Injinia alicheka. Alisema anayetaka moshi ule achukue.

"Mimi nanunua," ilisema sauti nyuma ya watu.

Alikuwa shangazi, na viatu vya shambani, bahasha mkononi. Katibu alikuwa mtu wa utaratibu. Kila aliyeandikishwa alimpelekea barua pamoja na nakala ya kanuni. Shangazi aliisoma barua yake akiwa amesimama kati ya nyanya zilizolegea kwa kiu, akairudia, kisha akavua aproni.

Katibu alipitisha kidole kwenye orodha. "Namba nane. Hajaanza hata mbio. Hakuna aliyeshika mkia kumshinda. Haki ya kwanza ni yake."

"Shangazi, ile ya pampu ni yako," alisema Injinia. "Utanunuaje mali yako?"

"Ndiyo maana siinunui. Ile si mali ya mshindi. Mshindi ana injini moja tu." Akaitazama pikipiki.

Akili nyingi huondoa maarifa, wahenga walisema, na wala hawakuwa wamemwona Injinia wakati ule. Alishuka. Akapanda tena. Akasema pikipiki ni pikipiki, injini ni injini, ni vitu viwili.

"Mzee Misumari," aliuliza Katibu bila kuinua macho, "lori lako lina injini?"

"Nimeambiwa ni injini kabisa," alijibu Misumari. "Nimeambiwa na Injinia."

"Hata mimi, jenereta," alisema Mwenye Bucha.

"Hata mimi," alisema Daktari, na wote sita wakageuka kumtazama mtu mmoja.

Injinia aliona dunia inambana, akashika kamba ya mwisho. Sawa, alisema, kanuni inataja injini peke yake. Shangazi achukue injini. Kiti, usukani, magurudumu na taa vibaki vyake. Katibu alisoma kanuni, akafikiri, akakiri kwamba ana hoja. Shangazi naye alifikiri. Akalipa bei ya lita kumi kutoka kwenye bahasha, akasema hana haja ya kuitoa injini mahali pake. Ila injini yake itakwenda kisimani, maana ile ya pampu imeuawa. Mwenye kiti na magurudumu akitaka, afuatane nayo.

Basi ndivyo ilivyo mpaka leo. Pikipiki nyekundu imesimama kando ya kisima, imeinuliwa juu ya matofali, gurudumu la nyuma limefungwa mkanda unaozungusha pampu. Chumba cha nyuma hakikudaiwa tena. Shangazi alisema mtu mwenye kazi hafukuzwi. Kila asubuhi Injinia huvaa kofia ngumu, hupanda, huwasha, na huendesha saa mbili nzima akiinama kwenye kona.

Juzi Daktari alipita na kichwa kilichonyolewa chote, akasimama kwenye uzio, akamuuliza kwa heshima safari ni ya wapi. Injinia alipunguza mafuta ili asikike. Alikuwa na jibu zuri tayari, maneno hayakumwishia hata siku moja. Lakini kutoka mwisho wa bustani shangazi alimwahi, akamwambia aongeze mwendo, maji hayajafika kwenye kabichi.