Diski R na Kompyuta ya Marehemu Mke Wangu

Jumatatu, 3 Juni
Binti yangu amepita dukani kwangu, ninapochapa kadi na vitabu vya watu. Amekuta kompyuta ya marehemu mama yake inafungua kadi moja ya mwaliko. Amemaliza soda, kadi bado. Akasema Baba, Jumamosi naleta mpya, hii aichukue mtu wa vyuma chakavu. Nikasema sawa. Moyoni hapana. Herufi A imefutika kwa kidole cha mama yake. Alikuwa akiibonyeza kama anaua mdudu. Mashine haiendi popote.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata dawa mtandaoni. Unamega kipande cha RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, Windows inakiona kama diski, unaiambia mafaili yake ya muda iyatupe humo. RAM ina mbio kuliko diski yoyote. Diski hiyo nimeipa jina R, nikaelekeza TEMP na TMP, njia za mafaili ya muda, huko, nikawasha upya. Kadi imefunguka kabla sijakaa vizuri. Shemeji yangu, kaka wa marehemu, fundi simu wa mlango wa pili, amechungulia. Eti nimemvisha bibi kizee raba. Wivu mtupu.

Jumatano, 5 Juni
Nimewaza. Kama mafaili ya muda yanakimbia hivi, ya kudumu yatambae kwa kosa gani? Nimehamishia R kadi zote za harusi ya binti wa mteja wangu, fundi seremala. Nimechapa moja ya mfano. Safi. Shemeji kaniuliza, je, najua RAM hushika vitu umeme ukiwepo tu? Nikamjibu umeme wa mtaa huu siku hizi una adabu. Akacheka mpaka akashika mlango.

Alhamisi, 6 Juni
Umeme umekatika.
Uliporudi, R ilikuwa nyeupe kama sahani iliyooshwa. Seremala anakuja kesho. Kazi ikichelewa, binti yangu atasema si unaona, na mashine imekwenda. Mama yake angeniambia kunywa maji kwanza, mume wangu. Nimekunywa. Nimeanza upya nikiangalia ile ya mfano, ndipo nikaona. Nilikuwa nimeandika "Marehemu" mbele ya jina la seremala. Mtu mzima wa afya, jana tu alikuwa hapa analalamikia rangi ya maua! Mkono umelizoea neno hilo tangu mwaka jana. Nimelifuta polepole. Mashine imekimbia, nimemaliza kabla ya kufunga duka.

Ijumaa, 7 Juni
Seremala amefurahi. Amesoma jina lake mara mbili akitabasamu. Hajui alivyoponea chupuchupu. Binti yangu alikuwepo, ameona kadi ya mwisho ikifunguka papo hapo. Amekaa kwenye kiti cha mama yake, kidole juu ya A. Kisha akasema haya Baba, ibaki. Ila kazi za watu niweke kwenye diski ya kawaida, na nakala kwenye flashi. Nimeahidi.

Jumamosi, 8 Juni
Ushindi mtupu. Badala ya mashine mpya, binti yangu ameleta RAM ya kuongeza. R sasa ni pana kama ukumbi. Wiki hii nimejifunza jambo kubwa: faili likipotea, hurudi likiwa zuri zaidi. Kwa hiyo nimehamishia R kitabu kizima cha mwalimu mstaafu, maisha yake tangu utoto, kazi ninayoichapa tangu Januari.
Kina makosa mengi. Kitafaidika.