Malalamiko Juu ya Kambale Aliyejenga Mnara

Butembo, Kimemi, tarehe 14 Juni 2001

Kwa Padiri Apollinaire, Curé wa katedrali ya zamani ya kilimani

Objet: Kutembezwa ndani ya katedrali bila kuomba, na hasara zilizofuata

Padiri mpendwa katika Bwana,

Nakusalimu kwa heshima zote, mimi Paluku Ézéchias, muuza mabati na misumari hapa Kimemi, shemasi wa Kiprotestanti tangu ujana wangu. Najua si kawaida mtu wa upande wetu kuwaandikia watu wa upande wenu. Lakini kidonda kikiwa mgongoni, mwenyewe hawezi kujipaka dawa, lazima amwombe jirani.

Jambo lenyewe ni hili. Alhamisi iliyopita, wale wa mlimani waliposhuka kuwafukuza wale wa mjini, au wale wa mjini walipopanda kuwafukuza wale wa mlimani (mpaka leo hatujaelezwa), risasi zilitukuta njiani tukitoka kutibiwa dispensaire, mimi, mke wangu Léa na mama yangu mzazi, Kaswera. Nyumba ya karibu yenye kuta nene ilikuwa yenu. Tukaingia. Kwa hilo nawashukuru, na shukrani zangu zinaishia hapo.

Padiri, mimi niliingia kujificha. Sikuingia kutembea. Ndani tulikuta watu wengi wamelala chini kati ya viti, nami nikajitafutia nafasi nzuri nyuma ya nguzo. Ndipo akasimama kijana wenu Stanislas, yule mnayemwita guide, ambaye tangu vita vianze hajapata mgeni hata mmoja wa kumtembeza. Akatutazama jinsi muuza ndizi anavyolitazama lori lililoharibikia mbele ya kibanda chake. Akapiga makofi, akasema: "Karibuni sana, ba-visiteurs! Tutaanza huku, kwa mukono ya kuume."

Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Tulitembezwa kwa magoti. Kwa sababu ya madirisha, Stanislas alikataza mtu kusimama, basi tukatambaa kutoka nguzo hadi nguzo kama watoto wanaotafuta sarafu. Fikiri mwenyewe, Padiri. Shemasi wa Kiprotestanti, mchana kweupe, nimepiga magoti mbele ya watakatifu wote mlio nao, mmoja baada ya mwingine, na mbele ya mmoja nilirudishwa mara ya pili kwa sababu Stanislas alikuwa amesahau kutuonyesha kidole cha mtakatifu huyo. Nilijaribu kufumba macho, nikagonga kichwa kwenye kiungamio. Mama Jokébed wa kwaya yetu, aliyekuwa akitambaa nyuma yangu, ameahidi kwamba hatasema kitu. Mimi namjua Mama Jokébed.

2. Guide wenu hana hofu, na mtu asiye na hofu hafai kuongoza watu wenye hofu. Kila bunduki ilipolia alisema "Excusez," kama yeye ndiye aliyepiga, kisha akarudia maelezo tangu mwanzo ili asiwepo aliyekosa kitu. Bomu lilipoanguka upande wa soko na vumbi likatumwagikia kutoka juu, sisi tulilia Yesu. Yeye alituomba tusijipanguse haraka, maana lile, alisema, ni vumbi la zamani, la kweli kabisa, halipatikani kila siku.

Tena kuna habari ya askari. Aliingia mbio, anahema, ameshika bunduki, na sote tukajua mwisho wetu umefika. Stanislas akamwambia: "Bunduki inabakia kwa mulango, na kofia unatosha." Na askari akavua kofia! Akaiweka bunduki penye kibao cha matangazo, akapiga magoti nyuma ya Mama Jokébed, akaanza kutembezwa. Padiri, askari wa namna hiyo hiyo wameingia dukani kwangu mara nyingi, wamechukua misumari na kuondoka nayo, na hakuna aliyewahi kuvua hata glovu. Kama mnalo neno la kuwafanya askari watii, kwa nini mmelificha kwenu peke yenu? Sisi Waprotestanti hatuna mabati ya kulinda?

3. Hapa ndipo penye moto. Tulipofika chini ya mnara, Stanislas akainua mkono na kusema, kwa sauti ya mtu anayefunua siri: "Hii munara yote, tofali kwa tofali, ilijengwa na Kambale."

Wewe pia ni Munande, Padiri. Unajua kwetu mtoto wa kiume wa kwanza huitwa Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na hivyo hivyo mpaka mama achoke. Kusema mnara ulijengwa na Kambale ni kusema ulijengwa na mtoto wa pili wa mtu. Ni kweli, lakini haitusaidii. Ukiita "Kambale!" katika soko la Butembo, biashara itasimama.

Watu waliokuwa kifudifudi wakainuka. Mmoja akasema huyo ni babu yake. Wa pili akasema hapana, ni babu wa mke wake, na mahari yake haijakwisha kuongelewa mpaka leo. Yule askari naye akasema yeye ni Kambale, wa Lubero, na kwao wanajulikana kwa minara. Alipoulizwa ana miaka mingapi alijibu kwamba hasemi ni yeye, anasema ni damu.

Na hapo, Padiri, mama yangu akafungua kinywa.

Hili lazima nikueleze, maana pasipo hilo utadhani nalalamika bure. Mama tulimtoa Oicha mwaka jana, nyumba yake ilipochomwa na mdogo wake kuuawa mbele ya mlango. Tangu siku ile hakusema neno. Alikula, alilala, alitikisa kichwa, basi. Nilileta mchungaji akaomba. Nilileta daktari akaandika vitamini. Kila jioni nilikaa mbele yake, mimi mwanawe wa kwanza, nikamwita "Mama", na hakuna aliyeitika. Nilikuwa nimeanza kusahau sauti yake ilivyokuwa. Vita vimenifanyia mengi, lakini hilo liliniuma kuliko yote.

Sasa pale chini ya mnara, risasi zikigonga mabati yenu (mepesi, hayakutoka kwangu), mama alisogea mbele kwa magoti, akamnyooshea Stanislas kidole na kusema: "Kambale ya nani?"

Stanislas hakuelewa ukubwa wa jambo. Akajibu kwamba ni Kambale tu, mama, Kambale fundi. Mama akapandisha sauti: "We kijana, unasema bongo, uongo mutupu! Kambale iko na baba yake. Ule fundi njo baba yangu mimi, na ile tofali ya chini aliiweka ya kupinda!" Akaonyesha tofali lenye tundu dogo, akasema ni alama ya dole gumba la baba yake alipokuwa akilikanda. Ikawa ushahidi. Kila mwenye Kambale wake akaleta dole gumba lake ili kuonyesha kwamba linaingia. Likaingia la askari. Likaingia la mume wa mjukuu. Likaingia hata la Mama Jokébed, ambaye kwao hawakuwahi kujenga hata banda la kuku. Tundu lile lilimkubali kila mtu, na hivyo haki ya mama yangu ikapotea mbele ya macho yangu.

Mimi binafsi nalalamika zaidi, kama Paluku. Palipo na Kambale, Paluku ametangulia. Huyu kaka yake alikuwa wapi mnara ukijengwa? Nani alishika ngazi? Nani alikwenda kuazima nyundo, na nani alirudi kuirudisha? Katika historia yote ya Stanislas hakuna Paluku hata mmoja, na sisi ndio tunaoanza.

4. Vita vilikwisha bila sisi. Ubishi ulikuwa mkali hata hakuna aliyesikia bunduki zikinyamaza. Nje watu walishafungua maduka na kupika. Alikuja mtu mmoja mwema mlangoni kutuambia turudi nyumbani, kumetulia, lakini alinyamazishwa kwa kuwa alijitaja kuwa Kasereka, na wakati huo neno la mtoto wa tatu halikuhusika. Tulitoka jua likishuka. Nilipofika kwangu nilikuta majirani wamejaa uani wakitulilia vizuri sana, na maharagwe yetu yote yameliwa msibani. Walipotuona walifurahi, sikatai. Maharagwe hayakurudi.

5. Tangu siku hiyo mama hajanyamaza. Anaamka akisema, anakula akisema. Amesema mabati yangu ni membamba na misumari yangu mifupi, na amesema hivyo mbele ya wateja. Amesema sombe ya Léa, mboga yetu ya majani ya muhogo, haina mafuta, na Léa, ambaye mwaka mzima alimlisha kwa mkono wake, ametoka nje akalia, kisha akarudi kuongeza mafuta huku akicheka. Mtu akija dukani kununua kwa niaba ya Kakule, mama anauliza ni Kakule ya nani, na hapati bati mpaka ukoo wake ujulikane hadi kwa babu. Chef de quartier, mkuu wa mtaa wetu, alipita kuandika wakaaji wa nyumba akakaa kwetu mpaka chakula cha mchana. Na Jumapili, Padiri, mchungaji wetu alipofika katikati ya mahubiri na kumtaja Yohana, mama alisimama kitini akauliza kwa sauti: "Yohana ya nani?" Mchungaji alikuwa hajajiandaa.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu wote, naomba haya. Stanislas akatazwe kufungua kinywa kunapokuwa na vita. Watu waachwe wajifiche kimya, kama wanavyojificha watu wazima wa miji mingine. Kunapokuwa na amani, kama itakuja, aseme, lakini asitaje jina la mtu bila la baba yake, wala asikosee hata kidogo, maana umeona kosa dogo la jina moja lilivyoharibu nyumba yangu yote. Pia naomba chini ya mnara pawekwe kibao kisemacho kwamba ulijengwa na Kambale na kwamba Paluku alishika ngazi. Waprotestanti watengewe njia yao ya kutambaa, isiyopita kwa watakatifu. Na lile neno la kuwavua askari kofia lifundishwe kwa makanisa yote bila ubaguzi.

Nisipopata jibu nitapeleka shauri hili kwa Askofu. Nikikosa kwa Askofu nitawapelekea wale wa mlimani na wale wa mjini kwa pamoja. Nina hakika kwamba pande zote mbili zina akina Kambale wa kutosha, na huenda likawa jambo la kwanza kuwakalisha meza moja.

Usalimie masista, wanakwaya, na mpiga kengele wenu ambaye Alhamisi ile alibaki juu mnarani na hakuna aliyemkumbuka. Msalimie pia yule askari akipita, mwambie kofia yake iko kwangu, Mama Jokébed aliibeba kwa makosa akaiacha hapa. Léa anawasalimu. Mama anawasalimu kwa maneno mengi ambayo nimeyafupisha.

Mimi ndugu yako asiye wa kanisa lako,

Paluku Ézéchias, shemasi

Nakala kwa taarifa: Mchungaji wetu, Chef de quartier

P.S. Padiri, barua hii niliikunja asubuhi nikakosa mtu wa kuileta, kwa sababu tangu mchana risasi zimeanza tena, upande wa mto. Mama ameingia chini ya meza na kuziba kinywa kwa mikono miwili. Tumemwita, haitiki. Léa amemwambia sombe leo haina mafuta kabisa, hakujibu.

Nimejaribu mwenyewe. Nimepiga magoti sebuleni nikasema kwa sauti kubwa kwamba kabati hili, kwa mukono ya kuume, lilitengenezwa na Kambale. Amenitazama tu, akanipangusa uso kwa kanga yake. Mimi sijui kusema bongo, na yeye amenizaa, ananijua.

Yote niliyoandika hapo juu uyafute. Nakuomba unitumie Stanislas, bunduki zikipoa hata kidogo. Mlango wa nyuma hatujaufunga. Asibishe hodi wala asitusalimu. Aingie tu akisema, na tafadhali akosee.