Faili la Mtahiniwa

Jumatatu, 4 Septemba

Ishirini na saba kwa hamsini. Hisabati! Nimeitazama karatasi mpaka tarakimu zikaanza kunitazama mimi.

Mtihani wa kumaliza shule ya msingi umebakiza wiki mbili. Mwenye karatasi ni binti wa mume wangu, miaka kumi na mitatu. Namwita Jaji, kwa sababu ukimwuliza kitu hukutazama kwanza, kimya, kama anayepima ushahidi. Yeye ananiita Anti. Miezi kumi na moja tangu niolewe humu, bado Anti. Silalamiki. Naandika tu.

Mume wangu ni dereva wa lori. Amepiga simu akiwa njiani. Kasema bibi yake Jaji, mama wa marehemu mke wake, anataka kumchukua mtoto mpaka mtihani uishe, maana kwake kuna utulivu. Utulivu! Nikauliza, kwangu kuna nini, ngoma? Akasema Ijumaa kuna jaribio jingine la hisabati. Jaji akipata chini ya thelathini na tano, anahamia kwa bibi yake. Na akihamia, najua, atarudi kuchukua nguo zake tu.

Sawa. Hanijui huyu bibi.

Nina shahada. Ni mkuu wa masijala katika ofisi ya ardhi. Mafaili elfu tisa yako chini yangu na halijapotea hata moja. Mtoto mmoja atanishinda? Nimenunua jalada jipya nikaliandika kwa herufi kubwa: MTAHINIWA. SIRI. Karatasi namba moja: ile ishirini na saba. Karatasi namba mbili: ratiba mpya. Kuamka ni saa kumi na moja alfajiri, kama ilivyokuwa tangu Julai. Ila sasa bila kujinyoosha.

Jumanne, 5 Septemba

Mtihani wa nyumbani, baada ya shule. Meza ya sebuleni, viti viwili vimeelekezwa ukutani. Nimegonga glasi kwa kijiko badala ya kengele. Nikatangaza kwamba ni marufuku kunong'ona. Jaji akauliza atanong'ona na nani. Swali zuri. Nimelikataa.

Nilifanya na mimi, ili kumtia moyo. Mzazi awe mfano. Tukasahihisha kwa kitabu cha majibu.

Jaji: ishirini na tisa. Mimi: ishirini na nne.

Kitabu kina makosa! Swali la kumi na saba: bomba moja linajaza tangi kwa saa tatu, la pili kwa saa sita; yakifunguliwa pamoja, tangi litajaa baada ya saa ngapi? Nne na nusu, bila shaka. Katikati ya tatu na sita. Kitabu kinasema mbili. Nikakata rufaa palepale. Jaji akanitazama kwa ule mtazamo wake. Akasema bomba la kwanza, likiachwa peke yake, linamaliza kwa saa tatu. "Sasa Anti, hili la pili limekuja kusaidia au kuchelewesha?"

Nimemwambia asibishane na wakubwa. Rufaa iko kwenye faili, karatasi namba sita.

Jumatano, 6 Septemba

Mkunga amewasili. Hilo ndilo jina ninalompa bibi yake Jaji humu. Usoni namwita Mama. Ni mkunga mstaafu. Amekuja kusalimia, kasema, na kabeba mto wake wa kulalia. Nani anasalimia na mto?

Ananiita bibi harusi. Miezi kumi na moja! Bibi harusi, chumvi unaficha wapi. Bibi harusi, mbona mtoto macho yameingia ndani. Bibi harusi, na hili bango ukutani? Ni ratiba, Mama. Akaisoma yote, kidole kikifuata mistari, kisha akauliza choo kiko mstari gani.

Jaji alicheka. Mdomo wazi, kichwa nyuma. Sikujua kwamba ana jino lililopanda juu ya lingine.

Halafu Mkunga akaanza kuhubiri. Miaka arobaini ya kuzalisha, kasema, na kila mara alikuwepo ndugu mmoja kwenye korido anapiga kelele: sukuma, sukuma! Ndugu huyo hajawahi kumtoa mtoto hata mmoja. Akamaliza kwa kulitazama tumbo langu. Nikajifanya natafuta chumvi.

Nimekaa chumbani peke yangu kidogo. Kisha nikaandika karatasi namba tisa: Mkunga na athari zake kwa mtahiniwa. Nikaongeza kipindi cha jiografia palipokuwa na chakula cha jioni. Watakula huku wanataja milima.

Alhamisi, 7 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Asubuhi nilibeba faili la Jaji nilipitie wakati wa chai. Nikaliweka mezani. Mezani palikuwa na mafaili ya kwenda kwa wakubwa. Tarishi akaja, akakumbatia yote, akaondoka nayo. Miaka minne sijapoteza faili, na hili sikulipoteza. Lilisambazwa!

Kutwa nzima limezunguka jengo. Limerudi saa tisa alasiri likiwa limeandikwa na kila aliyelishika, kwa utaratibu kamili, na tarehe na sahihi.

Mpima ardhi: Jibu ni saa mbili. Masijala ieleze imepataje nne na nusu.

Mhasibu: Nimejumlisha ratiba. Siku ya mtoto huyu ina saa ishirini na sita.

Dereva wa ofisi, ambaye sijui nani alimpa faili: Anacheza saa ngapi?

Na chini kabisa, kwa wino mwekundu, Mkurugenzi mwenyewe: Nimeona. Mtoto alale. Faili lifungwe.

Kwenye ngazi watu walikuwa wananipisha kwa adabu, kama mfiwa. Mpima ardhi akaniuliza, eti, tangi limejaa? Nikapita kichwa juu. Kwanza, anayefunga mafaili ni masijala, na masijala ni mimi. Sijalifunga.

Nimefika nyumbani nikalitupa juu ya meza, nikaenda kuoga. Kosa la pili. Nilipotoka, Jaji alikuwa amelisoma lote. Na alikuwa ameongeza karatasi namba kumi na mbili, kwa mwandiko wake wa duara:

Kwa: Masijala. Yahusu: ishirini na saba. Nilisinzia kuanzia swali la thelathini na nane. Niliposhtuka walikuwa wanakusanya karatasi. Sikusema kwa sababu ulikuwa umeipenda sana ratiba. Naomba kesho nisiamshwe saa kumi na moja. Naomba pia, kabla ya kuamua nikae wapi, mniulize mimi. Wako mtiifu, Mtahiniwa.

Nimejibu pembeni: Kusinzia hakujathibitishwa. Nikaenda jikoni kumwambia hivyo kwa mdomo. Alikuwa amelala mezani, shavu juu ya atlasi, mate yanachuruzika juu ya bahari. Saa kumi na mbili na robo jioni. Mkunga alikuwa anamenya viazi polepole, bila sauti. Kwa mara ya kwanza hakuniita chochote.

Ijumaa, 8 Septemba

Saa kumi na moja kamili nilikuwa mlangoni kwa Jaji, tochi mkononi.

Mguu mmoja ulikuwa nje ya shuka. Kisigino kina alama ya kiatu, kiatu kinambana, na hakuna aliyeniambia. Au sikuuliza. Nilisimama pale mpaka ndege wakaanza makelele. Sikumwamsha. Iandikwe wazi kwamba sikulegea: tochi ilikuwa inafifia, na hali haikuruhusu.

Aliamka mwenyewe saa kumi na mbili na nusu, akala mayai mawili, akaondoka kwenda kwenye jaribio anapiga mluzi. Mluzi! Kabla ya hisabati! Kazini nimegonga mihuri mitatu juu chini.

Jumamosi, 9 Septemba

Ujumbe wa mwalimu umeingia saa nne. Nimewapa simu wasome wao kwa sababu mikono yangu ilikuwa na maji. Haikuwa na maji.

Arobaini na moja!

Mkunga akapiga kigelegele hadi jirani akatoka na taulo. Mume wangu akapiga simu, akasema basi, mtoto abaki. Nikamwambia subiri. Karatasi namba kumi na mbili inataka aulizwe. Nikaweka simu katikati ya meza, nikamwuliza Jaji anataka kukaa wapi. Sijui kwa nini nilisimama kuuliza.

Akatutazama mmoja mmoja. Muda mrefu. Akasema hapa. Kule kwa Bibi kuna raha, kasema, lakini hakuna mtu wa kubishana naye hesabu, na kumfundisha Anti mabomba ndiko kulikomfanya ayaelewe. Ana masharti mawili, na kayaandika kabisa. Bibi abaki hapa mpaka mtihani uishe. Na yeye asiamshwe tena saa kumi na moja. Baba yake akakubali, Mkunga akakubali, na mimi nikatia sahihi. Sikujua kalamu inaweza kuwa nyepesi hivyo.

Jumapili, 10 Septemba

Nimetafakari kwa utulivu. Arobaini na moja haitokani na usiku mmoja wa kulala. Hiyo ni dhihaka kwa elimu. Ni alfajiri zangu za tangu Julai, zilikuwa zimejilimbikiza humo kichwani, zikasubiri, zikatoka Ijumaa kwa pamoja. Mkunga kakuta mtoto anatoka, akadaka, sasa anapokea pongezi mtaa mzima.

Sasa, kama alfajiri zilizopita zimeleta arobaini na moja, hizi za wiki moja iliyobaki zitaleta nini?

Nimelisoma sharti mara tatu. Limeandikwa vizuri, sina la kulisahihisha. Linasema saa kumi na moja. Saa kumi na nusu halikuitaja.

Mkunga ananishuku. Ametandika godoro lake mlangoni kwa Jaji, kwa upana, na mto wake juu. Alale tu. Nina miguu mirefu.