Mkoba Wenu Feki Umezidi Uzuri

Kwa Mtengenezaji wa Mikoba ya Kuiga,
Kupitia kwa mama muuza mikoba, kibanda cha mwisho karibu na ngazi.

Ndugu Mtengenezaji,

Nakusalimu kwa jina la Mungu, ambaye anakujua, maana sisi wengine hatukujui, kwenye mkoba umetuandikia jina la mtu mwingine.

Mimi ni mshonaji wa mapazia, mjane, na mtu wa maombi. Kabla ya kununua mkoba wako nilijishauri sana. Nilijiuliza, hivi mkoba wa kuiga una faida gani? Nikajijibu kwamba mkanda utakatika, rangi itabanduka, watu watanicheka, nami nitajifunza unyenyekevu. Kwa nia hiyo njema nikaununua. Miezi imepita na haujachubuka hata pembe. Ndugu yangu, umeniangusha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mshono wako umenyooka mno. Mimi nikishona mpaka jioni mkono unayumba. Wewe huchoki? Na zipu inateleza kama imepakwa mafuta. Kitu cha uongo kinatakiwa kiwe na aibu kidogo.

2. Kwenye kikundi chetu cha maombi cha akina mama, mikoba yote huachwa mezani kule nyuma, ili tusimame mikono mitupu mbele za Mungu. Wangu umepewa kiti chake peke yake. Mama anayelinda mikoba, muuguzi mstaafu asiye na utani, anautandikia kitambaa, na katikati ya sala hufumbua jicho moja kuuangalia. Nilimwambia waziwazi kuwa ni feki. Akanipigapiga begani, eti wenye navyo ndivyo wasemavyo. Nikakiri mbele ya wote. Kiongozi wetu akafundisha somo zima juu ya unyenyekevu wangu! Sasa nimekuwa mfano wa kuigwa, na dhambi bado naining'iniza begani.

3. Hili ndilo linaloniuma. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ana mkoba kama huu, ila wake ni halisi. Mwanawe wa pekee alimtumia kutoka mbali anakofanya kazi. Tulipoiweka pamoja, wake ulionekana kama pacha aliyeugua, na kona moja ya mshono imepinda. Tukampelekea fundi viatu. Akainusa yote miwili, akaigonga kwa kidole, akahukumu kwamba wangu ndio wa kweli na wa wifi ni feki. Wifi akaondoka bila kuniaga. Sasa anautumia kubebea viazi. Simu za mwanawe hapokei, kwa kuwa anaamini amemdanganya mama yake mzazi. Nimeapa, nimelia, nimempeleka mpaka kibandani. Anasema namfichia kijana aibu. Wifi huyu ndiye aliyenishika mkono nilipofiwa, na leo ananipita njiani na viazi vyake.

4. Fundi viatu akiniona anavua kofia. Ni jambo dogo, lakini linachosha, maana nami inabidi nitembee wima.

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote: piga muhuri mkubwa ndani ya kila mkoba, HUU NI WA UONGO. Mkanda ukatike mapema, ikiwezekana mbele za watu. Nawe uje mwenyewe utoe ushuhuda kikundini. Kama una shughuli nyingi, basi njoo kwa wifi tu, mimi nitakupikia.

Nisalimie wafanyakazi wako wote, hasa anayeshona zipu. Mungu ambariki na amsamehe kwa mpigo mmoja.

Ni mimi nikulalamikiaye kwa upendo,
Mama Mapazia

N.B. Nilipokuwa natafuta bahasha, wifi ameingia kudai sufuria yake. Ameiona barua mezani, akaisoma amesimama, alipofika namba tatu akakaa. Amecheka mpaka akafuta machozi kwa pazia la mteja. Ameamini kwamba wake ndio halisi! Anasema kulia naweza kujiliza, lakini hakuna mtu anayekaa chini na kalamu kumgombeza mtengenezaji asiyemjua kama hakuchokozwa kweli. Amempigia mwanawe, wameongea mpaka chaji ikaisha. Kwa hiyo futa namba zote nne, na muhuri usipige. Wifi anaomba mmoja kama wangu, wa kahawia. Ule wa mwanawe ameupangusa vumbi la viazi, anautunza kabatini, ila anasema hata yeye anastahili mkoba wa kupewa kiti kikundini. Tutatubu pamoja siku mikanda itakapokatika. Usiiharakishe.