Gari Lisilo na Dereva Ni Mimi

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Ofisi tatu za barabara zimekaa meza moja leo: yetu, ya ng'ambo ya mto na ya mlimani. Ajenda: magari yanayojiendesha. Yanakuja! Yanasoma vibao na mistari tu, dereva hakuna, wala hayajui ofisi hii inaishia wapi na ile inaanzia wapi. Kwa hiyo lazima tushirikiane.

Mimi ni kibarua wa stoo ya vibao na mkataba wangu unaisha Ijumaa hii. Lakini nani pale anayajua magari haya kama mimi? Nimejifundisha mwenyewe kwenye simu. Video mia moja na kumi na mbili, nyingine kwa lugha nisizozielewa.

Mwenyekiti, mzee mpole tunayemwita Bwana Hoja, katangaza kwamba Ijumaa atateuliwa mratibu wa ofisi zote tatu. Ajira ya kudumu! Kiti kinachozunguka!

Tatizo: Wifi naye anakitaka. Wifi ni mke wa kaka yangu, mchora ramani wa ofisi ya ng'ambo. Tunaishi nyumba moja, tunagombania kioo kimoja. Jioni akaniuliza, sauti ya asali, eti mratibu anaweza kuwa mtu asiye na cheti? Nikamwambia cheti hakiendeshi gari. Akasema hata wewe, wifi yangu, huliendeshi. Kaka akasema jamani tule.

Jumanne, 4 Machi

Saa nne nzima kuhusu rangi ya mstari. Sisi manjano. Ng'ambo nyeupe. Mlimani hawana mstari, wana mawe. Azimio: kila mtu abaki na chake, ila kwa moyo wa ushirikiano. Makofi.

Kisha ikagundulika hatuna gari la majaribio. Kila ofisi ilidhani linaletwa na mwenzake. Bwana Hoja akatoa hoja: mtu ajifanye gari. Atembee kutoka kwetu, avuke daraja, afike mlimani, akitii vibao tu. Asiongee. Asitumie akili.

Wifi akanyoosha mkono kabla yangu! Nusu sekunde! Wakamteua. Sijala.

Jumatano, 5 Machi

Fundi seremala anatengeneza bodi ya gari: boksi la friji, matundu ya macho, kamba za mabegani. Wifi hakutokea kupimwa. Nikajitolea kupimwa mimi ili kazi isilale, na nilikuwa na ushauri mwingi kuhusu taa.

Saa sita mchana, mpango! Nimetoa stoo kibao cha SIMAMA. Nikavaa fulana ya usalama ile inayong'aa, nikabeba sururu. Ukivaa hivyo huulizwi kitu, hata ukichimba sebuleni kwa mtu. Nikakisimika ng'ambo ya daraja, mpakani kabisa na mlimani. Wifi akikipita, gari limevunja sheria. Akisimama, hapo ndipo atakapozeekea, maana kibao cha NENDA hakijatengenezwa duniani. Kwisha habari yake!

Askari wa barabarani akanikuta. Akanishikia nguzo mpaka ikanyooka, akanipa pole ya kazi.

Alhamisi, 6 Machi

Boksi halikumwingia Wifi. Mabega yamegoma. Bwana Hoja akauliza lilipimwa kwa nani. Fundi, mbea yule, akaninyooshea kidole. Nikasema tumbo linaniuma. Bwana Hoja akasema gari halina tumbo.

Nikaondoka saa tatu. Manjano, sawa. Daraja, nyeupe, sawa. Kibao.

Nikasimama.

Ningefanyaje? Nikipita, jaribio limeharibika mikononi mwangu. Nikisema kibao ni changu, ajira basi. Nyuma yangu wajumbe kumi na wanane na madaftari yao wakasimama pia. Kibao cha nani? Ng'ambo wakasema cha mlimani. Mlimani wakasema wao wana mawe. Na kwa kuwa kiko mpakani, kuking'oa kunahitaji sahihi za ofisi zote tatu, na sahihi zinatolewa ukumbini tu. Wakaenda ukumbini. Gari likabaki.

Saa tano. Saa saba. Mvua! Boksi likalegea, likawa sketi.

Mama mmoja mwenye kapu akaja kusimama nyuma yangu. Akaja mwingine. Hadi saa nane walikuwa tisa, foleni safi kabisa, wanaulizana hapa kinagawiwa nini. Mmoja akasema hata yeye hajui ila ukiondoka utajuta. Wakaniuliza mimi wa mbele. Gari haliongei.

Saa tisa Wifi akaja na mwavuli. Akazunguka kibao. Akaninong'oneza tunduni kwamba nyuma kuna namba ya stoo yetu. Namba! Akasema, "Wifi, we una wazimu? Nikikuumbua kaka yako atalia. Simama hapo hapo, usitikisike." Akaipaka namba matope, akaenda ukumbini. Huko walikuwa bado wanabishana nani atie sahihi juu. Akachora duara kwenye karatasi, akawaambia watie sahihi kulizunguka, hakuna wa juu wala wa chini. Dakika ishirini! Kibao kikang'olewa. Nikaingia mlimani saa kumi na moja, boksi limebaki nusu, watu tisa nyuma yangu, hawajakata tamaa.

Ijumaa, 7 Machi

Mratibu ni Wifi. Hakuna aliyewahi kuzipata ofisi tatu kwenye karatasi moja. Makofi. Nilipiga kwa mkono mmoja.

Mkataba wangu ukaisha saa sita. Lakini Bwana Hoja akasimama na hoja! Haijawahi kuonekana gari lenye utii kama lile, ofisi zote tatu zinalihitaji, liende wapi? Kwa kuwa nafasi ya mtu haipo, nimeandikwa kwenye daftari la vifaa, baada ya feni, kabla ya gundi. Nikakubali kabla hajafunga mdomo. Kibarua huachishwa. Kifaa hupelekwa matengenezo!

Jioni Wifi akanishika mkono, kwa upole wa kweli kabisa. Akasema ofisi ingejua, leo ningekuwa nje, na ujanja ule nisiurudie. Nikamwapia. Machozi yalinitoka. Nimejifunza, tena sana.

Ila nimesoma sasa hivi kwamba gari la wagonjwa halisimamishwi na kibao chochote, na kila mtu huliachia njia, hata mratibu. Kesho natafuta boksi jeupe na king'ora.